Rejista za GPU na jinsi ya kuzitumia vizuri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yananijia karibu kila siku, kutoka kwa vijana wanaotengeneza gemu za simu hapa Kampala, wanafunzi wanaofanya mambo ya AI kwenye zile GPU (chipu za grafiki) za bure za mtandaoni, na wachache wenye kadi za mitumba ndani ya desktop zao, na mengi ukiyafuatilia yanaishia kwa kitu kimoja tu, rejista. Msimamo wangu nausema mapema: huku kwetu hatubadilishi kadi kila mwaka, kwa hio rejista ndo mahali pa kwanza pa kutafuta kasi ambayo ulishailipia, na kazi yenyewe sio kubana namba ya rejista hadi iwe ndogo, kazi ni kujua kila namba ndani ya kodi yako inazaliwa wapi na inakufa wapi.

Rejista ni kitu gani hasa, na mbona GPU inazo nyingi hivo?

Rejista ni kale kanafasi kadogo ndani ya chipu ambako namba inakaa wakati inafanyiwa hesabu, hakuna memori iliyo karibu zaidi na kitengo cha hesabu. CPU ya kawaida ya x86-64 inakuonyesha rejista 16 za kazi za jumla, basi. Ukija kwa GPU ya NVIDIA unakuta kila SM, yaani kila kiini chenye vitengo vyake vya hesabu na kashe yake, kina rejista 65,536 za biti 32, sawa na KB 256 (kashe ni memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu). Chukua Tesla T4, ile ambayo wengi wenu mnaipata bure kwa Colab na Kaggle: SM ziko 40, kwa hio rejista peke yake ni MB 10, wakati kashe yake yote ya L2 ni MB 4. Rejista zimeizidi kashe zaidi ya mara mbili.

Sababu ni kwamba CPU ikitaka kuacha kazi moja ishike nyingine inabidi ihamishe rejista ziende kwa memori alafu izirudishe baadae, na hio inakula muda. GPU haifanyi hivo. Thredi (nyuzi za kazi, kila moja inafanya hesabu yake) zote zilizo hai ndani ya SM zinakaa na rejista zake palepale mwanzo hadi mwisho, na kuhama kutoka wapu moja kwenda nyingine (wapu ni kundi la thredi 32 zinazotembea pamoja) hakugharimu kitu. Ndo maana zinahitajika nyingi, na ndo maana mgawo ukikaa vibaya unaumia.

Okyupansi ni nini na inaingiliana vipi na rejista?

Fikiria stage ya boda pale Wandegeya. Mteja anakuja, boda inaondoka, safari inachukua muda wake, na kama zingine bado zipo zinasubiri basi mteja wa pili anaondoka hapohapo. Sasa kama kila boda imefungiwa mikungu ya matooke huku na huku, stage ni ileile lakini zinaenea chache, zote zikishaondoka wateja wanabaki wamesimama. Wapu ndo boda, safari ndo kule kusubiri memori ambako kwa GPU kunafika mizunguko mia kadhaa, na mzigo ndo rejista ambazo kila thredi imebeba.

Okyupansi ni wapu ngapi ziko hai ukilinganisha na kiwango cha juu ambacho SM inakubali. Rejista sio kizuizi pekee, kuna memori ya pamoja (shared memory) na kuna ukubwa wa bloki (kundi la thredi linalokaa kwenye SM moja) pia, ila kwa keneli (programu zinazokimbia ndani ya GPU) nyingi ambazo nimeletewa niziangalie ni rejista ndo zinabana kwanza.

Nihesabu vipi kila thredi inaweza kupata rejista ngapi?

Gawa rejista za SM kwa thredi ambazo SM inaweza kubeba. T4 inabeba thredi 1,024 kwa SM, kwa hio 65,536 gawa kwa 1,024 unapata 64. A100 inabeba 2,048, unapata 32. RTX 3060 inabeba 1,536, unapata 42 na ushee, lakini mgawo unaenda kwa hatua za 8 kwa hio hapo ni 40. Na thredi moja haiwezi kuzidi 255 hata ufanye nini.

Sasa angalia vizuri hapa kwa sababu wengi wanapotea hapa. Chukua keneli moja yenye rejista 60 kwa thredi, ambayo vifaa (yaani chipu yenyewe) vitaihesabu kama 64. Kwa T4 profaila (programu ya kupima kodi) itakuandikia okyupansi ya 100%, kwa RTX 3060 itakuandikia 67%, kwa A100 itakuandikia 50%, na mtu anakuja kwangu analalamika kwamba kodi yake imeharibika ilipohamia kadi kubwa. Haijaharibika. Zote tatu zina wapu 32 hai kwa kila SM, zilezile, ila dari ya T4 ni wapu 32, ya RTX 3060 ni 48 na ya A100 ni 64. Asilimia inakwambia uko mbali kiasi gani na dari, haikwambii kama kazi inaenda. Ukilinganisha kadi mbili linganisha idadi ya wapu, achana na asilimia.

Nimeongeza mstari mmoja tu, rejista ikapanda moja tu, kasi ikashuka ghafla. Inawezekanaje?

Inawezekana sana na ni kwa sababu ya zile hatua za 8. Uko na rejista 64 kwa T4, bloki za thredi 256, SM inabeba bloki 4, wapu 32, imejaa. Umeongeza mstari ukafika 65. Vifaa havijui 65, vinakupa 72. Bloki moja sasa inataka 72 mara 256, yaani rejista 18,432, na ndani ya 65,536 zinaenea bloki 3 tu na kipande ambacho hakitumiki. Umeshuka kutoka wapu 32 hadi 24, robo nzima imeenda.

Kabla hujaanza kubomoa kodi jaribu kupunguza ukubwa wa bloki. Kwa thredi 128 bloki inataka 9,216, zinaenea 7, hizo ni wapu 28. Kodi hujaigusa, rejista ni zilezile 72, umerudisha nusu ya kile ulichopoteza kwa kubadilisha namba moja. Ndo maana mi huwa nauliza ukubwa wa bloki kabla sijauliza kitu kingine.

Keneli yangu inafanya kazi na thredi 256, nikiweka 1024 inarudisha sifuri tupu bila kosa lolote. Shida nini?

Kosa lipo, hujaliuliza tu. Kama keneli inatumia rejista 72 na unataka thredi 1,024 kwa bloki moja, hio ni 73,728 na SM nzima ina 65,536. Haiwezi kuanza kabisa, na CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuandikia programu za GPU) inakaa kimya mpaka uite `cudaGetLastError()` ndo itakwambia `too many resources requested for launch`. Zile sifuri ni memori ambayo hakuna aliyeiandika. Weka `__launch_bounds__(1024)` juu ya keneli, kompaila (programu inayogeuza kodi yako kuwa amri za chipu) itajua bloki itakuwa kubwa hivo na itajibana hadi 64. Na zoea kuangalia kosa kila baada ya kuita keneli, hilo sio la hiari.

Kumwagika kwa rejista ni nini, na nitajuaje kama kunatokea?

Kompaila ikiishiwa rejista inachukua namba zingine inaziweka kwenye memori ya lokali, na licha ya hilo jina memori hio inakaa nje, kwenye RAM ya kadi, ikipitia kashe za L1 na L2. Kila ikiihitaji inaisoma tena. Kwa hio namba ambayo ilikuwa karibu kabisa sasa imekuwa safari.

Kujua ni rahisi. Kompaili na `-Xptxas -v` utaona mistari kama hii kwa kila keneli:

```
0 bytes stack frame, 0 bytes spill stores, 0 bytes spill loads
Used 72 registers
```

Zile `spill stores` na `spill loads` zikiwa sifuri uko salama. Zikiwa baiti chache usikimbie kupaniki, angalia ziko wapi. Baiti 16 zinazomwagwa mara moja mwanzoni mwa keneli na kusomwa mara moja mwishoni hazina madhara unayoweza kupima, lakini baiti nane tu ndani ya lupu inayozunguka mara elfu kumi zinakula kila kitu. Nsight Compute, profaila ya NVIDIA, itakuonyesha ni mstari gani unaenda kwa memori ya lokali na mara ngapi, fungua ukurasa wa kodi uangalie kwa macho yako.

Ukiona `stack frame` ina baiti lakini spill ni sifuri, hio ni shida nyingine, mara nyingi ni arei. Nimeieleza chini.

Nitumie maxrregcount au launch_bounds?

`__launch_bounds__`. Ile `--maxrregcount` inabana keneli zote za faili hata zile ambazo hazikuwa na shida, wakati `__launch_bounds__` inakaa juu ya keneli moja na unaipa maana: bloki yangu haizidi thredi hizi, na nataka angalau bloki hizi kwa SM. Kompaila inafanya hesabu yenyewe kulingana na kadi unayolenga. Kodi ikihama kutoka T4 kwenda kadi nyingine ile maana inabaki sawa, ila namba kama 64 uliyoikaza kwa mkono haibaki na maana.

Na ukishabana, pima. Kubana rejista kutoka 72 hadi 64 wakati mwingine kompaila inapanga upya na hakuna kinachomwagika, umepata faida ya bure. Kubana kutoka 128 hadi 32 karibu kila mara ni kujiumiza.

Lazima nifike okyupansi 100%?

Hapana, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu naona watu wanapoteza wiki nzima wakiifukuza hio 100%. Mwaka 2010 Vasily Volkov wa Berkeley alionyesha kwenye GTC, mkutano wa NVIDIA, kwamba kwa kazi kama kuzidisha matrisi, thredi chache zenye rejista nyingi zinaweza kuzishinda thredi nyingi zenye rejista chache, na mpaka leo keneli za kasi za kuzidisha matrisi zinaandikwa hivohivo.

Kwa nini? Kuchelewa kunafichwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwa na wapu nyingi, moja ikisubiri nyingine inafanya kazi. Njia ya pili ni wapu moja kuwa na amri kadhaa ambazo hazitegemeani, ikituma ya kwanza haisubiri jibu, inatuma ya pili na ya tatu. Kuanzia kizazi cha NVIDIA kinachoitwa Volta hesabu ya kawaida inachukua mizunguko 4 kutoa jibu, kwa hio wapu yenye hesabu nne zinazojitegemea inaweza karibu kukijaza kitengo peke yake. Ila kubeba hesabu nne kwa mpigo kunahitaji rejista za kuzibeba. Umeona hapo, rejista nyingi kwa thredi sio dhambi kama zinabeba kazi. Dhambi ni rejista inayobeba namba ambayo haitaguswa kwa mistari mia ijayo.

Kwa kazi ambayo inasoma memori tu na kufanya hesabu kidogo, okyupansi kubwa inasaidia. Kwa kazi nzito ya hesabu, 25% hadi 50% mara nyingi inatosha kabisa. Pima muda, hio ndo hakimu.

Sawa, sasa nipunguze vipi rejista bila kuharibu kodi?

Anza kwa kuchora maisha ya namba. Namba inaanza kuishi inapoandikwa na inakufa inaposomwa mara ya mwisho, na rejista unazohitaji ni idadi ya namba zilizo hai kwa wakati mmoja pale penye msongamano mkubwa zaidi, sio idadi ya majina uliyoandika. Kutumia jina moja mara tatu badala ya majina matatu hakubadilishi chochote, kompaila haiangalii majina.

Mfano huu umetoka kwa kodi ya kusafisha picha za majani ya muhogo, kazi ambayo Makerere imeifanyia mengi na ambayo wanafunzi wengi wanaijaribu kwa data iliyo Kaggle. Mtu ameandika hivi:

```
float jirani[9];
for (int k = 0; k < 9; k++)
    jirani[k] = soma(x + k % 3 - 1, y + k / 3 - 1);

float jumla = 0.0f;
for (int k = 0; k < 9; k++)
    jumla += jirani[k];
float moja = jirani[chagua];
```

Shida iko mstari wa mwisho. `chagua` inajulikana wakati wa kukimbia tu, na rejista za NVIDIA haziwezi kuitwa kwa namba inayobadilika, kwa hio arei nzima inatupwa memori ya lokali, ndo ile `stack frame` inatokea bila spill. Andika hivi:

```
float jumla = 0.0f, moja = 0.0f;
#pragma unroll
for (int k = 0; k < 9; k++) {
    float v = soma(x + k % 3 - 1, y + k / 3 - 1);
    jumla += v;
    if (k == chagua) moja = v;
}
```

Arei imekufa. Kila jirani anasomwa, anahesabiwa, anachaguliwa kama ndo yeye, alafu anaondoka. Kinachobaki hai muda wote ni `jumla` na `moja`. Sasa usishangae ukiona kompaila bado imechukua rejista kadhaa hapo, kwa sababu lupu ikishakunjuliwa (mizunguko yake ikiandikwa moja baada ya nyingine) kompaila yenyewe inasogeza usomaji wote juu ili maombi tisa ya memori yaende pamoja, na hizo ni rejista zinazofanya kazi, ziache.

Mambo mengine ninayojaribu, kwa mpangilio ambao huwa naufuata: nasogeza usomaji wa namba karibu na pale inapotumika kama hautumiki mapema. Nahesabu upya kitu rahisi badala ya kukibeba, kwa mfano index ya pikseli ambayo ni kuzidisha na kujumlisha tu haina haja ya kuishi keneli nzima. Napunguza kukunjua lupu, mtu ameweka `#pragma unroll 16` kwa mazoea wakati 4 ingetosha. Naangalia namba ambayo ni sawa kwa thredi zote, hio inafaa ipite kama parameta ya keneli au ikae kwa memori ya konstanti, isikae imerudiwa kwa kila thredi. Namba ambayo thredi za wapu moja zinahitaji kupeana inaweza kupita kwa `__shfl_sync` bila kila mmoja kubeba nakala ya wenzake. Na mwisho kabisa, kama keneli inafanya kazi mbili ambazo hazihusiani, naikata mara mbili, ingawa hapo unalipa gharama ya kuandika matokeo ya kati kwenye memori na sio kila mara inalipa.

Mi naandika gemu za simu, hizi CUDA hazinihusu. Rejista zinanihusu?

Zinakuhusu kuliko mtu yeyote. Simu nyingi za Tecno na Infinix ambazo wachezaji wako wanazo zimebeba chipu za MediaTek, na kwa mfano Helio G85 iko na Mali-G52, Helio G99 iko na Mali-G57. Kwa hizi Mali sheria ni kali na rahisi: sheda (programu ndogo ya GPU inayochora picha) ikitumia rejista 32 au chini unapata thredi zote, ikizidi 32 hadi 64 unapata nusu. Hakuna ngazi katikati. Rejista ya 33 inakugharimu nusu ya thredi.

Pakua Mali Offline Compiler ya Arm, ni ya bure, unaipa sheda yako na jina la GPU inakuandikia rejista za kazi ngapi, kama kuna kumwagika kwenye stack, na asilimia ngapi ya hesabu ni ya biti 16. Hio ya mwisho ndo dawa yako kubwa. Namba mbili za biti 16 zinakaa kwenye rejista moja ya biti 32, kwa hio rangi, mwanga, na vekta za uso ambazo hazizidi moja ziandike `mediump`, neno la kuomba usahihi wa biti 16, wakati `highp` ni la biti 32.

Lakini sio kila kitu. Biti 16 zinashika namba nzima bila kukosea hadi 2048 tu, na karibu na 1.0 hatua yake ni 1/2048, kwa hio koordinati za teksha kubwa zikiwa `mediump` picha inaanza kutetemeka na kuwa na vidirisha. Muda wa gemu ndo mbaya zaidi, unaongezeka kila sekunde, mchezaji akikaa dakika chache tu maji yanaanza kuruka badala ya kutiririka. Koordinati, muda na nafasi za dunia ni `highp`. Na jaribu kwa simu yenyewe, kwa sababu GPU nyingi za kompyuta hazijali `mediump` zinafanya yote kwa biti 32, kila kitu kinaonekana safi kwako alafu kinaharibika kwa simu ya mteja.

Tuna sheda moja kubwa yenye if nyingi, kila nyenzo ya gemu inapita humo. Si ndo nzuri kwa usafi wa kodi?

Kwa usafi ndio, kwa rejista hapana. Rejista zinagawiwa kabla sheda haijaanza na mgawo unafuata njia mbaya zaidi ndani yake. Ukuta wa kawaida wa nyumba ambao ungetaka rejista 20 unalipia 60 kwa sababu kuna tawi moja la ngozi yenye mng'ao ambalo linatumika kwa mhusika mmoja tu, hata kama kwa ukuta hilo tawi haliingiwi kamwe. Tengeneza matoleo tofauti ya sheda kutoka chanzo kimoja. Vulkan, mfumo wa kuongea na GPU, ina konstanti za kubobea (specialization constants) ambazo unaziweka wakati wa kuunda paipulaini, kompaila inaona tawi limekufa inalifuta pamoja na rejista zake. Usizidishe nayo, matoleo mia tatu yatafanya gemu ichelewe kufunguka, tenga yale mazito tu.

Mkubwa, mi sina GPU kabisa, nina laptop ya kawaida tu. Naweza kujifunza haya?

Unaweza mdogo wangu, na huhitaji hata intaneti ya muda mrefu. Kompaila ndo inayogawa rejista, kadi haihitajiki ili kuona mgawo. Weka CUDA Toolkit, andika `nvcc -arch=sm_75 -Xptxas -v -c faili.cu` utapata rejista za T4 bila kuwa na T4. Mali Offline Compiler haihitaji simu, na Radeon GPU Analyzer ya AMD haihitaji kadi ya AMD. Fanya mabadiliko yako yote nyumbani ukiangalia rejista na spill, alafu ukipata Colab unaitumia kupima muda tu. Bando haliishi kwa kujaribujaribu.

Kadi za AMD na Intel zinafuata sheria zilezile?

Wazo ni moja, namba ni tofauti. Zile RX 580 za mitumba ni GCN, muundo wa AMD wa zamani, na kila SIMD (kitengo cha hesabu) inakubali hadi wevu 10 (wevu ni jina la AMD la wapu), hivi: rejista 24 au chini unapata 10, 32 unapata 8, 64 unapata 4, 84 unapata 3, 128 unapata 2, zaidi ya hapo moja tu. AMD pia iko na rejista za skala ambazo zinabeba namba iliyo sawa kwa wevu nzima, moja kwa wote, kwa hio ukimsaidia kompaila kuona kwamba namba ni ileile kwa kila thredi unapunguza mzigo sana.

Kwa grafiki za Intel zilizo ndani ya laptop, kwa kawaida kila thredi ya vifaa inapewa rejista 128 za baiti 32, zimekazwa. Huko ukipunguza hupati thredi zaidi, unachopata ni kompaila kuweza kukimbiza kazi 16 kwa thredi moja badala ya 8 bila kumwaga.

Kwani kompaila haiwezi kupata mgawo bora yenyewe?

Inajitahidi sana, ila tatizo lenyewe ni gumu kimsingi. Gregory Chaitin wa IBM mwaka 1981 alionyesha jinsi ya kuligeuza kuwa kupaka rangi grafu, kila namba ni nodi, namba mbili zilizo hai pamoja haziruhusiwi rangi moja, na rangi ndo rejista. Kupata jibu bora kwa grafu yoyote ile ni tatizo la NP-hard, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana, kwa hio kompaila zinatumia mbinu za kukisia vizuri. Ndo maana ukibadilisha mpangilio wa mistari miwili isiyohusiana namba inaweza kuruka. Na GPU inaongeza ugumu, kwa sababu kompaila lazima ichague kati ya kusogeza usomaji mapema ili kuficha kuchelewa na kuuacha nyuma ili kuokoa rejista, na haijui data yako itakuwaje.

Nasikia chipu mpya zinagawa rejista zikiwa zinakimbia. Ni kweli?

Kweli. Apple kuanzia M3 na A17 Pro za mwaka 2023 waliacha kukaza rejista kwa njia mbaya zaidi, memori ya ndani ya chipu inagawiwa kadri sheda inavyohitaji. AMD kwa kizazi cha RDNA 4 cha 2025 wevu inaweza kuomba rejista zaidi katikati ya kazi na kuzirudisha, na inasaidia hasa kufuatilia miale ya mwanga. Kwa kizazi cha NVIDIA Hopper kuna amri ya PTX (lugha ya chini ya NVIDIA) inaitwa `setmaxnreg`, wapu zinazoleta data tu zinajishusha mpaka rejista 40 au 24 na zile zinazofanya hesabu zinapanda mpaka 232 au 240. Alafu B200 ikaenda mbali zaidi, kila SM imepewa memori ya pembeni ya KB 256 kwa ajili ya matokeo ya tensor core (vitengo vya kuzidisha matrisi), ambayo zamani yalikuwa yanajaza rejista.

Ukisoma kodi ya wazi ya keneli za attention (hesabu kuu ya modeli za lugha za AI) utakutana na hizi mbinu, zisome, zinafundisha. T4, RX 580 na Mali-G52 hazina hata moja ya hizo.

Double na pointa zinakula rejista ngapi?

Mbili mbili, kwa sababu ni biti 64. Keneli yenye pointa nane imeshaweza kushika rejista 16 kabla haijafanya kazi. Tumia pointa moja ya msingi na index ya `int`, na usiandike `3.14` bila `f` mwishoni, hio ni double na hesabu yote inayoigusa inageuka double.

Nimeapdeti draiva, sheda ileile sasa ina rejista zaidi. Nifanye nini?

Draiva inabeba kompaila ya sheda ndani yake, kwa hio ni kompaila imebadilika. Pima muda kwanza, maana wakati mwingine rejista zimepanda na kasi pia imepanda. Kama imeshuka, linganisha toleo la zamani na jipya kwa sheda ile moja, na hapo utashukuru kama ulikuwa unahifadhi rejista, spill na muda wa kila sheda kwenye faili ndani ya repo (hifadhi ya kodi yako), pamoja na toleo la draiva. Kwa Vulkan upanuzi wa `VK_KHR_pipeline_executable_properties` unakupa hizo namba moja kwa moja kutoka kwa programu yako pale draiva inapoukubali, kwa hio faili linaweza kujiandika lenyewe kila unapojenga.